Korona ninayemsema mimi si ule ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wako mmoja alilalamika kwamba tamthilia za maiti zimejaa majumbani, watoto wanaota ndoto mbaya, na mtu mzima anayekaa kutazama maiti ikipasuliwa lazima ana kasoro kichwani. Mtu mzima huyo ni mimi. Naomba nafasi nijitetee.

Nachonga majeneza hapa Mbeya, huu mwaka wa 22. Kwa hiyo sikimbilii maiti za kwenye runinga kwa kuwa nimezikosa mchana. Wateja wangu huja alfajiri wawili watatu, mmoja ana kamba yenye fundo penye urefu wa marehemu, mwingine kazi yake ni kubembeleza bei. Siulizi marehemu kafa na nini. Husema wenyewe. "Presha, fundi." "Kagongwa na bodaboda." "Tumbo, siku mbili tu." Na mara nyingi kuliko unavyodhani sauti hushuka: "Hapa kuna mkono wa mtu."

Tamthilia yenyewe inaitwa Da Vinci's Inquest, ya Kanada. Ilianza kuoneshwa mwaka 1998 na ikaenda misimu 7. Mpwa wangu, dereva wa malori ya Tunduma, aliniletea kwenye flashi ikiwa imechanganyika na filamu za ngumi ambazo hadi leo sijazifungua. Kiingereza changu kinaishia kwenye vipimo vya mbao, hivyo binti yangu anayefundisha sekondari hukaa pembeni akinitafsiria, nami namsumbua kwa maswali mpaka anasimamisha picha.

Mhusika mkuu, Dominic Da Vinci, ni korona wa jiji la Vancouver. (Nilipomwambia jirani kwamba Mbeya tunahitaji korona, alisogeza kiti chake nyuma. Tangu 2020 neno hili limeharibiwa jina.) Korona ni mchunguzi wa vifo. Hana pingu na hamfungi mtu. Penye kifo cha ghafla, cha ajali au cha kutiliwa shaka, yeye ndiye anayetakiwa kusema aliyekufa ni nani, kafa lini, wapi, na kwa namna gani. Ikibidi anaitisha kikao cha wazi, mashahidi wanasema mbele ya watu, na mwisho yanatoka mapendekezo ili mwingine asife vilevile.

Da Vinci si malaika. Pombe inamsumbua, na ameachana na mkewe, ambaye ndiye daktari anayepasua maiti, kwa hiyo wawili hao hukutana kazini juu ya meza ya marehemu wa watu wengine. Kuna mpelelezi mmoja mzee, Leo Shannon, ambaye akirudi nyumbani anamkuta mkewe anapoteza kumbukumbu. Mvua haikatiki, binti yangu anasema ni kama Tukuyu yenye maghorofa. Wanazungumza wote kwa pamoja kama watu wa kijiweni, na kesi nyingine haziishi kabisa. Unabaki umekaa, taa inazimwa, hujui nani aliua. Mwanzoni nilikasirika. Siku hizi naona hapo ndipo hawanidanganyi, maana hata karakanani kwangu hakuna hadithi inayoisha kwa saa moja.

Msomaji wako anadhani tunafuata damu. Damu ni kidogo. Kinachonikalisha pale ni mama wa mitaani aliyeokotwa nyuma ya hoteli mbovu, asiye na ndugu wa kumlilia, halafu mtu mwenye koti la mvua anainama na kuuliza jina lake. Anauliza tena kwa daktari, anauliza kwa polisi mpaka wanamchoka. Na hayakuwa ya kutungwa tu. Eneo la Downtown Eastside la jiji lile lilikuwa likipoteza wanawake maskini miaka kwa miaka, na tamthilia ililisema jambo hilo kabla mtuhumiwa wa kuwaua hajakamatwa mwaka 2002. Mtunzi wake, Chris Haddock, alimchota Da Vinci kutoka kwa mtu halisi, Larry Campbell, aliyekuwa korona mkuu wa jimbo la British Columbia. Mwaka huohuo wa 2002 wananchi wa Vancouver walimchagua Campbell kuwa meya. Nilimwomba binti anirudie hapo: jiji zima limempa funguo mtu wa mochwari!

Sasa nikueleze kwa nini naitazama nikiwa na wivu.

Mdogo wangu alikufa usiku mmoja wa Julai, miaka kadhaa iliyopita, katika chumba cha kupanga kwenye mji mwingine. Alikutwa amelala ubavu, blanketi limefika shingoni, mlango umefungwa kwa ndani. Karatasi tuliyopewa, penye sababu ya kifo, iliandikwa "kifo cha ghafla". Tukaruhusiwa kuzika. Jeneza nililichonga mwenyewe, la mninga, na hasira zote nilizimalizia kwenye randa. Lakini "kifo cha ghafla" kinakueleza kasi aliyoondoka nayo mtu. Kilichomwondoa hakimo. Na pale palipoachwa wazi ndugu walipajaza wenyewe. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu. Wengine wakamgeukia shemeji yangu, mke wa marehemu, wakasema kamlisha kitu. Kabla ya arobaini alishafungasha, akarudi kwao Makete na watoto wawili.

Nilipokwenda kukusanya vitu vya mdogo wangu nilikuta jiko la mkaa karibu na kitanda, majivu meupe yamejaa hadi ukingoni. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa shuka kuzuia baridi. Unaijua baridi yetu ya Juni na Julai, kuanzia Mbeya hadi Njombe na huko Makete. Mkaa ukiwaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo hukalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Damu ya aliyekufa hivyo hubaki nyekundu ya kung'aa. Kipimo chake kipo, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Hakuna aliyepima. Leo siwezi kwenda Makete nikamwambia shemeji "ilikuwa jiko", kwa sababu nami nabahatisha tu kama shangazi.

Usinielewe kwamba sheria hatuna. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, Sura ya 24, inamtaja korona na kazi yake. Wanasheria wetu wameshapaza sauti mara nyingi ili mahakama ya korona ifanye kazi kweli. Mimi katika miaka yote 22 sijapata mteja aliyeniambia, "Fundi, mazishi yamesogea, korona anasikiliza mashahidi."

Iringa wanajua vizuri ninachosema. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa mbele ya macho ya watu kijijini Nyololo, Mufindi. Ziliundwa kamati, kesi ikaenda, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kifo kile kilikuwa na picha. Dunia nzima iliziona. Mimi hufikiria vile visivyo na picha, vinavyofika kwangu kama fundo kwenye kamba.

Najua nitajibiwa kwamba kupasua maiti si utamaduni wetu. Anayesema hivyo apande gari la Rungwe. Wanyakyusa wa zamani walikuwa wakilifungua tumbo la marehemu kutafuta kilichomuua, na Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko miaka ya 1930, waliyaandika hayo. Mchawi aliaminika kuwa na chatu tumboni, hivyo walikuwa wakitafuta dalili za uchawi. Jibu lao silitetei. Ila walikuwa watu wasiokubali kufukia mtu bila kuuliza, na sisi wenye hospitali na maabara tunakubali kila wiki.

Hoja ya haraka ya mazishi naiheshimu. Majirani zangu Waislamu humzika mtu siku hiyohiyo, na hata sisi wengine msiba ukikaa siku nne unakula mahindi ya mwaka mzima. Lakini sisemi kila maiti izuiwe. Babu wa miaka 90 aliyezimika kama mshumaa apumzike. Nawasema waliookotwa mtaroni, waliokutwa vyumbani, waliofia mikononi mwa wenye mamlaka, na wale wa "wananchi wenye hasira kali", ambao hufikishwa mochwari bila hata jina.

Kuhusu watoto wa msomaji wako, hapo tuko pamoja. Wajukuu wangu hulala saa tatu, ndipo nachomeka flashi.

Na kwako Mhariri nina ombi. Habari zako za vifo karibu zote huishia na Kamanda akisema uchunguzi unaendelea. Chagua moja tu kila mwezi, ikate, ibandike ukutani hapo ofisini. Ikitimiza miezi mitatu, mtume mwandishi akaulize uchunguzi ule uliendelea hadi wapi. Akiambiwa hakuna anayejua, chapisha hivyohivyo, na jina la marehemu juu yake. Nusu safu inatosha.

Fundi majeneza,
Mbeya