Tusingoje kesi ndipo tutunge sheria ya viinitete

Mhariri,

Siku ya mirathi ya marehemu mume wangu, kadhi aliniuliza kama nina mimba. Ni suali la kawaida kwa mjane, maana aliye tumboni huwekewa fungu lake mpaka azaliwe. Nikajibu sina. Nilipokuwa natoka moyo ukanipiga: tuna viinitete 3, yaani mayai yangu yaliyotungishwa kwa mbegu za mume wangu nje ya tumbo, vilivyogandishwa katika kliniki moja huko Dar es Salaam.

Tulikaa miaka 9 bila ya mtoto. Tuliweka pesa za karafuu za misimu 2, tukapanda boti. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Muuguzi akatia alama ya kalamu pembeni, "hapa na hapa", nasi tukasaini. Kumbe moja ya alama zile ilikuwa kwenye kifungu cha mmoja wetu akifa. Hatukusomewa, na nakala sikupewa.

Sasa shemegi yangu anasema ile ni damu ya ndugu yake, nisithubutu kuigusa. Mama anasema ndoa imekatika kwa mauti, vitupwe. Mimi siombi kupandikizwa. Najua mbegu na yai hukutanishwa ndani ya ndoa, na ndoa yangu imekwisha. Nauliza nani mwenye neno la mwisho.

Huko Uingereza, Natallie Evans aligandisha viinitete 6 na mchumba wake kabla hajatolewa ovari kwa sababu ya uvimbe. Wakaachana, mwanamme akafuta ridhaa yake. Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2007 Evans akashindwa, kwa kuwa sheria ya nchi ya mwaka 1990 ilitaka ridhaa ya wote wawili. Nimemlilia yule mwanamke. Lakini majaji walikuwa na sheria mkononi.

Alabama, Marekani, ilikuwa kinyume. Viinitete vilianguka kliniki vikaharibika, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikavihesabu kuwa ni watoto, kwa kutumia sheria ya fidia ya kifo cha mtoto ya mwaka 1872. Kliniki zikasimamisha huduma, wanawake waliokwisha kuchomwa sindano za mayai wakaachwa njiani. Haikutimia wiki 3, wabunge wakapitisha sheria mbio mbio kuzikinga kliniki, na suali la kiinitete ni nani wakaliacha vile vile.

Naliomba Baraza la Wawakilishi likae na makadhi, madaktari na sisi tuliopita njia hiyo, liandike mapema: ridhaa isomwe kwa Kiswahili mbele ya mashahidi, ikitaja kifo na talaka, na kila mmoja apewe nakala.

Wiki iliyopita kliniki imenitumia ujumbe wa ada ya mwaka, kwa jina la marehemu. Sijaujibu.

Mjane,
Wete, Pemba