Nebraska msiipite usiku

Dada shikamoo, na shemeji pia, Mama naye mwambie ile video ya kuku wake nimeiona nimecheka sana. Huku tupo salama, theluji imeanza kuyeyuka saivi ni matope tu kila mahali.

Jana nimeongea na kijana wako akanipa ratiba yote ya Mei, mnatua Chicago mnapumzika kwake alafu mnaenda na gari mpaka Denver kwenye mahafali ya binti. Safi kabisa. Ila alipofika habari ya huku kwetu akasema eti, "anko Nebraska tutaipita usiku, hamna kitu pale ni mahindi tu." Yani nimenyamaza kwa heshima yako tu. Mimi naishi humo humo kwenye hayo mahindi! Sasa nakuandikia wewe maana wewe ndo unaweza kumwamrisha, tokeni asubuhi, mpite mchana, na mshuke kwenye gari.

Na sisi watu wa Singida ndo tungekuwa wa mwisho kusema sehemu fulani hamna kitu. Mabasi ya Mwanza yanapita kwetu miaka nenda rudi, abiria wanashuka wananunua kuku na mafuta ya alizeti, wanarudi kwenye siti wanalala mpaka Shinyanga, ukiwauliza Singida ikoje wanakwambia kuna upepo na mawe. Ziwa Singidani lipo pale pale shingo hawageuzi. Basi Nebraska ndo hivyo hivyo. Na wenyewe wanajua, mwaka 2018 ofisi yao ya utalii ikatoa tangazo la kulinadi jimbo likisema kwa kweli sio la kila mtu. Mtu anauza bidhaa yake alafu anakwambia usipoipenda wala hatanuna, mimi niliwapenda hapo hapo.

Tatizo ni barabara yenyewe, hiyo I-80. Inakata jimbo mashariki mpaka magharibi kama kilomita 730, karibu sawa na Singida mpaka Dar, na kipande kirefu imefuata bonde la mto Platte kwa sababu ni tambarare. Zamani miaka ya 1840 wahamiaji wanaokwenda magharibi walipita na magari ya ng'ombe hapo hapo, reli ikafuata, lami nayo ikafuata, kwaiyo mpita njia anaona kile kibonde kimoja tu anadhani ndo jimbo zima. Alafu mnaruhusiwa maili 75 kwa saa, mtaona nini sasa.

Mtaingilia Omaha. Kila mtu atawaambia nendeni zoo, na ni kweli ni moja ya zoo kubwa za Marekani, wana jengo la kioo la mviringo ndani wametengeneza jangwa zima. Lakini jamani mtu ametoka Tanzania analipa dola kuangalia twiga? Tembo wenyewe waliletwa kutoka Eswatini 2016. Labda jangwa lile kwa ajili ya watoto, wengine pumzikeni. Mimi ningewapeleka kaskazini ya mji, mtaa wa Pinkney, palipokuwa na nyumba ya kwanza ya Malcolm X, yule mpigania haki za watu weusi, alizaliwa hapa Omaha tarehe 19 Mei 1925. Nyumba haipo ilishabomolewa, kuna kibao na uwanja wa majani na jengo la kumbukumbu, ukiwa na haraka utaona hamna kitu kweli. Familia yake ilitishwa na wale Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, na yeye akiwa bado mdogo kabisa wakahama. Na huyo huyo mwaka 1964 alifika Dar es Salaam akaonana na Mwalimu! Shemeji anapenda hizi habari, mwambie nimemuwekea. Jimbo lilikaa miaka mingi linakataa kumuweka kwenye orodha yao ya watu mashuhuri, mpaka juzi juzi hapa ndo wakakubali, akawa mtu mweusi wa kwanza humo.

Kutoka Omaha kuja kwangu Lincoln ni kama saa moja tu na hapa mnalala, hili halina mjadala. Kesho yake nawapandisha Bunge la jimbo, ni mnara kama mita 120, bure kabisa, juu kuna sehemu ya kusimama unaona mji wote. Kileleni kuna sanamu la shaba la mtu anamwaga mbegu shambani, Mama atalipenda, ila atawauliza mbona anamwaga tu hapigi mistari. Na bunge lao lina baraza moja tu, hamna la juu na la chini, jimbo pekee Marekani nzima, toka 1937. Jirani pale kuna makumbusho ya chuo kikuu ina mifupa ya tembo wa kale mkubwa ajabu wanamuita Archie, alipatikana 1922 shambani kwa mtu na inasimuliwa kuku ndo walianza kudonoa vipande vya mifupa. Kuku bana! Mama akirudi nyumbani aangalie vizuri wake wanafukua nini.

Uwanja wa mpira upo karibu pia. Wewe dada ulicheza voliboli sekondari, basi tarehe 30 Agosti 2023 pale walijaa watu 92,003 kuangalia voliboli ya wanawake, sio fainali ya dunia, timu ya chuo. Nikikwambia watu wa huku hawana pa kwenda usicheke, ndo uzuri wao, wakipenda kitu wanakipenda wote kwa pamoja.

Sasa kuna sehemu moja ipo nje ya njia kabisa na kijana wako atagoma, nakuomba umkazie. Inaitwa Ashfall, karibu na kijiji cha Royal huko kaskazini, kutoka Omaha ni kama masaa matatu, kwaiyo mkikubali mnaongeza siku nzima. Miaka kama milioni 12 iliyopita volkano ililipuka huko Idaho, mbali sana, upepo ukaleta majivu mpaka hapa. Wanyama walikuwa wanakunywa kwenye bwawa, farasi wadogo wenye vidole vitatu, ngamia, na vifaru. Ndio, vifaru, Nebraska! Majivu yale ni kama vumbi la chupa, yakaingia kwenye mapafu, wadogo wakafa kwanza, vifaru wakafa mwisho wiki kadhaa baadae wakiwa wamekusanyika hapo majini, na majivu yakawafunika vile vile walivyolala. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja Michael Voorhies akaona fuvu la ndama wa kifaru limechomoza kwenye korongo. Hawakuwahamisha wote, wengi wamewaacha pale pale wakajenga banda kubwa juu yao, unatembea kwenye njia ya juu unawaona chini, mama na ndama wake pembeni, wafupi wana matumbo kama mapipa. Mama hajawahi kumuona kifaru hata wa Ngorongoro, aje awaone huku. Baridi huwa wanafunga, Mei wanafungua ila sio kila siku ya wiki, nitawapigia simu mimi.

Mkirudi barabarani mkafika Kearney mtaona daraja kubwa kama lango limekatiza juu ya I-80, ndani ni makumbusho ya safari za zamani. Mimi naona ukipita chini yake umeshaliona, endeleeni. Kilichoibeba Kearney ni wale ndege korongo wa Machi, saivi ninapoandika wapo, zaidi ya laki tano, wanatoka Texas na Mexico wanakwenda Kanada, Alaska mpaka Siberia, wanatua hapa kwenye Platte kulala kwenye maji mafupi na kushiba mahindi yaliyobaki shambani. Kelele zake alfajiri humsikii mwenzio. Mei watakuwa wameshaondoka, ndo shida ya mahafali.

North Platte sasa, hapa Mama ashuke hata kama amechoka. Kuna yadi ya treni inaitwa Bailey, kubwa kuliko zote duniani, urefu wake tu kama kilomita 13, na mnara mnapanda juu mnaangalia mabehewa yanavyopangwa na kuachanishwa. Mimi nilivyofika mara ya kwanza nilimuwaza Baba na ile kofia yake ya reli pale Manyoni, nikajisemea huyu mzee angekataa kushuka, tungemuachia chakula huku huku juu. Wafanyakazi wastaafu wakiwepo muulizeni chochote, wanaeleza mpaka unachoka wewe.

Mkishapita hapo saa inarudi nyuma moja, msichanganyikiwe. Ogallala mkioga kwenye lile ziwa la McConaughy lenye mchanga mweupe sawa, msipooga basi, alafu Big Springs mnaiacha I-80 mnashika ya Denver.

Kula: jaribuni runza, mkate umeokwa una nyama ya kusaga na kabichi ndani, walileta Wajerumani waliotoka Urusi. Ila msidanganywe na hayo mahindi, mengi ni ya njano ya ng'ombe na ya kutengeneza ethanoli, mafuta ya magari, ugali unaweza kuzungukwa na mahindi kilomita mia na usiupate. Unga tunanunua kwa Wakongo. Na miji ya viwanda vya nyama kama Grand Island ina Wasomali waliopitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma kule Kenya, mkikwama ongeeni Kiswahili tu mtashangaa.

Basi dada, nipe tarehe kamili kabla ya wiki ijayo maana kazini ruhusa inaombwa mapema. Kuku wa Mama msibebe hata wa kukausha, forodha watamchukua. Mlenda mkavu leteni, mwingi, na muandike kwenye mfuko ni mboga.