Baba aliniuliza nani kafunga

Tandika, Jumatatu usiku

Shoga yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hapa wazima, magoti ya Baba ndiyo yanayosumbua kidogo.

Tangu Jumamosi umepiga simu mara nne na sikupokea hata moja. Nimeona bora nikuandikie, kwa sababu kwa simu tutapandishiana sauti, na sauti yako imezoea kushindana na ngoma tatu na tarumbeta. Hapa kwenye karatasi nitamaliza ninachotaka kusema.

Baba alikusikia. Tulipokuwa tunashuka ngazi za uwanja wa Mkapa baada ya mechi ya Simba ukamwambia yule kijana wa tarumbeta, "Mzee kama huyu si angebaki nyumbani akaangalia Azam TV." Kelele zilikuwa nyingi ukadhani maneno yamepotea. Baba macho yake yamepungua nguvu, masikio bado ni ya ujanani. Hakusema kitu mpaka tumefika Tandika sokoni, tunashuka kwenye daladala, ndipo akaniambia, "Mwanangu, safari nyingine nenda peke yako tu." Nilimshika mkono kumvusha barabara nikashindwa kumjibu.

Wewe unamjua Baba kwa kumsalimia mlangoni. Mimi ndiye niliyepelekwa naye Shamba la Bibi nikiwa darasa la tatu, enzi hizo ndiyo uwanja wa taifa, tukakaa kwenye zege lenye joto, ametandika gazeti nisiunguzwe. Mwaka 1993 alikuwepo siku Simba tulipofungwa 2-0 na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF, shirikisho la mpira la Afrika, hapa hapa Dar, baada ya kutoka suluhu kwao. Anasema watu walitoka kimya kama wanatoka kuzika, na yeye alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa sababu hakutaka kukaa na mtu yeyote kwenye gari. Huyo ndiye unayesema angebaki na Azam.

Sasa nikueleze Jumamosi ilikuwaje tulipokaa sisi, maana wewe ulikuwa juu kwenye ngoma, hukuona.

Nilimkatia viti vya rangi ya chungwa makusudi, nikalipa zaidi ya mzunguko wa kawaida, ili asipande ngazi nyingi. Tulifika saa nane, mechi saa kumi. Saa mbili nzima alikaa juani amefurahi, anawahesabu wachezaji wakipasha misuli. Refa alipopuliza kipenga tu, safu ya mbele yetu wakasimama. Nikasema sawa, ni mwanzo, watakaa. Hawakukaa. Dakika ya kumi wale vijana wawili mbele ya Baba wakapanda juu ya viti vyenyewe, na raba zao, mmoja ameshika bega la mwenzake. Nikawaomba kwa adabu. Mmoja akageuka, akaniambia, "Mama, huu mpira, siyo harusi." Nyuma yetu nao wakasimama kwa kuwa hawaoni, na waliofuata wakasimama kwa sababu hiyo hiyo, mpaka juu kabisa. Watu mia tatu wamesimama kwa sababu ya wawili.

Baba alijitahidi. Alisimama dakika kama kumi na tano, ameshika mgongo wa kiti, naona goti linatetemeka ndani ya suruali. Kisha akakaa. Akatoa ile redio yake ndogo mfukoni, akaibana sikioni, akainamisha kofia. Shoga, nimemwona baba yangu amekaa ndani ya uwanja aliolipia, mpira unachezwa hatua chache mbele yake, na yeye anasikiliza redio akitazama migongo ya watu.

Redio inachelewa kidogo, unajua. Uwanja ulipolipuka, yeye mtangazaji wake alikuwa bado anasema mpira uko katikati. Akanivuta mtandio. "Kafunga nani?" Na mimi sikuona, nilikuwa nimeinama namfungulia maji. Tukabaki tumetazamana, mimi na yeye, watu wanarukaruka juu yetu, tunasubiri redio itufikie ituambie nani kafunga.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na ulipokuja kusema ulilosema ngazini, ukaikuta tayari inachemka.

Sasa usije ukadhani nataka uwanja uwe kama ukumbi wa mkutano. Mimi na wewe tumesimama pamoja miaka mingapi? Najua mpira bila ngoma ulivyo, na wewe unajua, maana tuliuona pamoja sebuleni kwako. Tarehe 19 Januari 2025, Simba na CS Constantine, uwanja hauna mtu. Tulishinda 2-0. Ulikuwa umevaa jezi, umekaa ukingoni mwa kochi, na tulisikia kocha anavyoita majina, tulisikia hata mpira unavyogonga nguzo za matangazo. Goli la kwanza ulinyanyuka, ukatazama huku na huku, ukakaa. Ukasema, "Hii siyo Kwa Mkapa." Machozi yalikulengalenga, nami nikajifanya naangalia pembeni.

Lakini tukumbuke kwa nini uwanja ule ulikuwa mtupu. Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Desemba 2024, tulicheza na CS Sfaxien ya Tunisia. Kibu Denis kasawazisha, kisha kafunga la pili dakika za nyongeza mwishoni kabisa, 2-1, na badala ya kulala na furaha ile tukaamka na aibu ya viti 256 vimevunjwa na kung'olewa. Waarabu wana sehemu yao kubwa katika vurugu zile, sibishi. Ila na upande wetu viti viliruka, nilivishuhudia kwa macho yangu, na CAF wakatufungia mlango. Waliokosa mechi ya Constantine ni watu elfu kadhaa ambao hawakugusa kiti.

Kiti kile hakivunjiki kwa siku moja. Kinaanza na raba ya mtu anayekipanda kila mechi. Skrubu inalegea, plastiki inapata ufa, siku ya hasira kinang'oka kama jino bovu. Kwa hiyo kijana anayeniambia huu mpira siyo harusi, huku amesimama juu ya kiti, anaifanya kazi ile ile kidogo kidogo, na sisi viongozi wa matawi tunamwona shabiki wa kweli.

Juu ya kusimama kwenyewe nimefikiri sana. Mdogo wangu aliyeko Uingereza tumewahi kulizungumza hili usiku kucha, kwa kuwa wenzetu kule wamegombana juu ya jambo hili zaidi ya miaka thelathini. Tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough, Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Nyuma ya goli watu walikuwa wanasimama kwenye vizimba vyenye uzio wa chuma mbele. Polisi wakafungua geti la kutokea, umati ukamiminika kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa, watu wakabanwa kwenye ule uzio. Waliokufa kwa mkasa ule ni 97. Miaka mingi mashabiki wakabebeshwa lawama kwamba walikuwa walevi, mpaka mwaka 2016 wazee wa baraza mahakamani wakasema hawakuwa na kosa, na kwamba wale watu waliuawa isivyo halali.

Baada ya msiba ule, kufikia mwaka 1994 viwanja vya madaraja mawili ya juu vikatakiwa kuwa vya viti vitupu. Na unajua kilichotokea? Watu wakaendelea kusimama, mbele ya viti, miaka yote, na wazee na watoto wakaendelea kuona migongo. Kusimama mbele ya kiti kifupi ni hatari, ukisukumwa unaangukia safu ya chini. Mwisho wakatafuta njia: kuanzia Januari 2022 baadhi ya viwanja vikaruhusiwa kuwa na sehemu maalumu, kila safu ina chuma cha kushika usawa wa kiuno, kila mtu na nafasi yake moja, tiketi moja. Mechi ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa Chelsea na Liverpool, tarehe 2 Januari mwaka ule. Ujerumani nao hawakuwahi kuacha. Dortmund wana jukwaa moja nyuma ya goli wanasimama watu zaidi ya 24,000, umeliona kwenye televisheni, lile la njano. Sasa angalia wanaosimama wako wapi. Wako pamoja, nyuma ya goli, na anayenunua tiketi ile anajua ananunua nini.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, shoga yangu. Vyuma vya kushika hatuna, na sisubiri serikali ituwekee kesho. Ila watu tunao, na wewe watu wanakusikiliza. Jumamosi nilihesabu vikundi vya ngoma upande wetu: vinne. Wewe mmoja, wale wa Temeke huku, wengine kule juu, kila mmoja na wimbo wake, mkifika katikati ya uwanja sauti zinagongana haieleweki nini kinaimbwa. Kusanyeni ngoma zote nyuma ya goli moja. Wanaotaka kusimama dakika 90 waende huko, waimbe wimbo mmoja, na kipa wa mpinzani aubebe mgongoni kipindi kizima. Uliwahi kuniambia watu wakikaa timu inakufa. Mimi naona timu inadhoofika zaidi pale mnapotawanyika kila kona, mnawaziba watu ambao nao wangepiga kelele kama wangeona kinachotokea.

Pembeni, watu wakae. Mpira ukifika boksi wasimame, nani anaweza kukaa mpira ukiwa boksi? Baba mwenyewe ananyanyuka bila kujua. Ukitoka, wakae.

Na ngazi ziachwe wazi. Hili naliomba zaidi ya yote. Watani wetu Yanga walipocheza na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho, tarehe 28 Mei 2023, uwanja huu huu, watu walibanana wakati wa kuingia, mtu mmoja akafa na makumi wakaumia. Hakuna anayependa kulikumbuka, na wengine upande wetu walilifanyia utani, Mungu atusamehe. Jumamosi ngazi ya kwetu ilijaa watu wamekaa na wamesimama toka juu mpaka chini. Baba alitaka kwenda msalani dakika ya thelathini. Tulitumia karibu robo saa kwenda tu. Ingetokea taharuki ningepita naye wapi?

Yako mengine ambayo hatuyasemi kwenye mkutano kwa kuwa wanaume ndio wengi. Foleni ya getini, mikono ya watu. Wewe umewahi kunieleza yaliyokupata, na mimi yamenipata, na binti yangu ana miaka kumi na sita sasa anataka kwenda. Chupa zile zinazorushwa kutoka juu, tunajua si zote zina maji. Kijana aliyechaniwa jezi ya njano kwa kuwa tu amepotea geti, akalia mbele ya mpenzi wake. Mimi nilikuwepo nikanyamaza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mkutano wa tawi ni Jumapili baada ya alasiri. Nimeandika jina langu nizungumze. Nakuomba, kabla sijasimama mimi, usimame wewe. Nikisema mimi watasema huyu analilia baba yake, na ni kweli nalilia baba yangu. Ukisema wewe mwenye ngoma, hakuna atakayesema unataka kuua hamasa. Kama unaona nimekosea mahali, nieleze kabla ya Jumapili, nitakusikiliza, ila usinieleze kwa habari ya Azam.

Jana asubuhi nilimkuta Baba barazani ameifungua redio, anasafisha vile vyuma vya betri kwa kitambaa. Nikamwuliza, mbona ulisema huendi tena? Akasema anaisafisha tu. Kisha akaniuliza mechi ijayo ni lini, na kama na wewe utakuwepo, kwa sababu anasema tarumbeta ya yule kijana wako inapigwa vizuri ila anaingia mapema kwenye kiitikio.

Njoo kesho jioni, nimeloweka maharage na kuna samaki wa kukaanga. Umwamkie mwenyewe, na hilo la ngazini umwambie mwenyewe. Mimi nitakuwa jikoni.

Shoga yako wa Tandika