Kabla ya kupima kilo, ing'oeni skrubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri unaorudiwa kila watu wanapohimizwa kusafisha karakana: kusanya vyuma vibovu, pima kilo, uza. Mimi ni seremala na sina ugomvi na usafi. Ugomvi wangu ni na hiyo mizani, maana kwake skrubu ya jeki na kipande cha nondo ni kitu kimoja.

Jiliwa, yaani kibanio cha meza ya fundi, likipasuka taya, au jeki ya skrubu ikivunjika kitako, kilichokufa ni mwili tu. Skrubu ya ndani mara nyingi ni nzima, na hiyo ndiyo sehemu ambayo seremala hawezi kujichongea. Itazameni kwa karibu. Meno yake hayakuchongoka kama ya boliti. Ni mapana, yamekatwa bapa juu, kwa hiyo hubana kwa nguvu bila kulika upesi. Tena yameachana. Boliti ya kawaida ya milimita 24 husogea milimita 3 kwa kila mzunguko, ilhali skrubu ya meno bapa ya unene huohuo kwa kawaida husogea 5. Kuachanisha taya kwa milimita 60 ni mizunguko 20 kwa boliti na 12 kwa hiyo nyingine. Anayefunga na kufungua kutwa nzima haelezwi mara mbili.

Jiliwa la meza yangu limezaliwa na skrubu ya namna hiyo. Taya ni ubao mgumu uliosimama mbele ya mguu wa meza, kutoka karibu na sakafu hadi usawa wa juu wa meza. Skrubu inapita kwenye ubao na kwenye mguu, na nati yake imefungwa nyuma ya mguu kwa kipande cha bamba. Wengi huishia hapo, kisha wanalalamika kwamba jiliwa halishiki. Halitashika, kwa sababu ukikaza, sehemu ya chini ya ubao hukimbilia ndani na ya juu hufunguka. Dawa ni ufito wenye matundu, uliokazwa chini ya taya na kupenya mguu wa meza. Unachomeka pini kwenye tundu linalolingana na unene wa kazi yako, chini panazuiwa, na nguvu yote inapanda juu inakotakiwa. Ndani ya taya nimegandisha kipande cha mkanda wa ngozi wa mashine ya zamani. Mbao laini haipati kovu.

Jambo moja ambalo wabomoaji hulisahau ni nati. Skrubu ing'olewe pamoja na nati yake, hata ikibidi kukata chuma kilichoizunguka. Kupata nyingine ya meno yaleyale ni kazi, na bila nati hiyo mtu amebeba rungu.

Mengine ni madogo. Msumeno wa mkono uliochakaa, wa bamba la kama milimita 0.8, hukatwa vikwaruzo, yaani vibamba vya kukwangulia, vizuri sana kwa mbao yenye nyuzi zilizopindana, pale randa inapong'oa badala ya kulainisha. Mpira wa ndani wa tairi, ukikatwa utepe mrefu, hubana maungio ya mviringo yaliyopakwa gundi kuliko kibano chochote cha kununua. Sumaku ya spika mbovu hufungwa ubavuni mwa meza, ikashika penseli ya bati na bisibisi na patasi.

Lakini si kila chuma kigumu kinafaa, na hapa nawaunga mkono wanaotupa. Tupa kuukuu, ile ya kunolea, ni chuma kigumu mno, na ugumu huo ndio unaoifanya ivunjike kama kioo. Msiigeuze patasi ya kupigwa nyundo. Kipande kikiruka, jicho halirudi. Hata kama kazi yake ni kisu cha kuchorea alama tu, inolewe taratibu kwenye jiwe huku ikichovywa majini, maana ncha ikigeuka bluu, ugumu wake umekwisha hapo.

Nimeona pia mafundi wakichomeka valvu za injini kwenye matundu ya meza ziwe vizuizi vya ubao. Wazo si baya, kichwa chake kinakaa vizuri. Ila baadhi ya valvu za kutolea moshi zina uwazi ndani uliojazwa sodiamu ya kupunguza joto, na sodiamu ikikutana na maji hulipuka moto. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na nyingine, basi msizikate wala kuzitoboa. Boliti nene yenye kichwa kilichosawazishwa kwa tupa inafanya kazi ileile, na mkitaka isiumize bledi ya randa, ivisheni kofia ya mbao ngumu.

Mkiandika tena kuhusu usafi wa karakana, nawaomba mchapishe mchoro wa hilo jiliwa lenye ufito na pini. Niko tayari kuwachorea.

Wenu,
Seremala, msomaji wa kila siku