Barua kwa mwanangu: usikate kahawa yote kwa siku moja

Kibosho, Moshi

Baba,

Dada yako kanieleza umeshaongea na mtu wa chensoo aje Disemba kuikata kahawa yote. Kukata sipingi. Mibuni imezeeka, imerefuka, inazaa kwenye ncha tu, na nimefurahi kwamba kati yenu wote ni wewe uliyekumbuka shamba. Ila yote, siku moja, halafu ukimaliza sikukuu unarudi Dar? Hapo tumekosana.

Kata theluthi. Mstari mmoja ukatwe, miwili ibaki, mwakani mwingine. Shina lililokatwa halitoi kitu msimu wa kwanza. Linaanza kuzaa mwaka wa pili. Ukikata yote, ada na chumvi vitatoka wapi?

Disemba nayo si wakati wake, huku juu bado tunachuma. Ngoja mwisho wa Januari au Februari, masika yakute machipukizi yameanza.

Tumia msumeno, usitumie panga. Panga hupasua shina, maji yanaingia kwenye ufa, linaoza mpaka mizizini. Kata chini kidogo ya goti, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili mvua iteremke. Paka kidonda uji mzito wa mrututu, ile dawa ya shaba, na chokaa. Kila mbuni uachie tawi moja lenye majani lilishe mizizi. Litaondolewa maotea, yaani machipukizi mapya ya shinani, yakishika. Shina lenye matundu na unga wa mbao lina bungua, mdudu anayetoboa shina. Lisiwekwe jikoni kama kuni za baadaye, mabuu huishi humo humo, yakikomaa yanarudi shambani. Lichomwe mara moja.

Sasa baba, kukata ni kazi ndogo. Kazi ni maotea. Yatatoka mengi kuzunguka shina, na ukiyaacha yote yanagombania mwanga, yanakuwa membamba marefu, unabaki na kichaka kisicho na buni. Yakifika shibiri, bakiza manne au matano yenye nguvu, yaliyoachana. Miezi michache baadaye yabaki mawili au matatu. Uliyoyatoa yatachipua tena, unarudi tena, na tena. Nani atarudi, wewe ukiwa Dar? Mimi mashina mia nitayaweza. Mia tatu sitayaweza, na kijana wa kibarua hajui lipi la kuacha.

Wala usidhani ukikata umepata mbegu mpya. N39, aina hii ya kahawa tuliyo nayo, ikikatwa inachipua N39 ile ile, na magonjwa yake, chulebuni ya matunda na kutu ya majani, yanarudi. Pita TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu uulize habari za kubebesha vikonyo, yaani vipande vya aina nyingine, juu ya maotea. Mizizi inabaki ya zamani, juu panakuwa aina inayostahimili.

Kung'oa ndiyo usinitajie, hata hao rafiki zako wa parachichi waseme nini. Bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi waling'oa. Ilipopanda walianza na mche mchanga, unaotaka kumwagiliwa na kungojewa mwaka wa tatu, wakati shina la zamani lina mizizi iliyokwishashuka chini. Umesoma kutushinda sote, hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Katikati ya mashina panda maharage mwaka wa kwanza. Mahindi hapana, yatayafunika maotea. Palilia juu juu, mizizi inayolisha iko karibu na uso wa ardhi. Kila shina debe moja la samadi iliyooza.

Na samadi yenyewe inanyeshewa. Banda la ng'ombe linavuja upande ule ule niliokwambia Pasaka, nguvu yote inakwenda na maji. Mabati matatu na misumari ya kofia yanatosha. Tuma hela ya mabati kabla ya ya chensoo. Shangazi yako anauliza ubatizo wa mtoto ni Krismasi au baadaye, maana ulezi wa pombe ya mbege lazima uanikwe mapema. Mjibu yeye mwenyewe, ameshachoka kuniuliza mimi.

Mama yako