Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyimbo za Kale za Ibada na Namna ya Kuzifundisha

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulikubaliana kwamba anayependekeza wimbo wa kale aulete na nota zake na maelezo ya kuufundisha, si jina na sifa tu. Utaratibu huo umetupa nyimbo tatu ambazo kwaya ya kawaida ya sauti nne inaweza kuzimudu bila kinanda.

Kwaya isiyozoea kuimba bila ala ianze na “If ye love me” wa Thomas Tallis, uliochapwa London mwaka 1565. Sauti zote zinaanza pamoja kabla ya kufuatana, na sehemu ya pili inarudiwa, kwa hiyo cha kukariri ni kidogo. Ufunguo wa asili uko chini, wa sauti za kiume. Wenye soprano watafute nakala iliyopandishwa.

“Sicut cervus” wa Palestrina, mtunzi wa Italia wa karne ya 16, ni Zaburi ya 42, ile ya ayala atafutaye maji, na mahali pake pa zamani ni Kesha la Pasaka. Waimbaji wa sauti ya tena (ya juu ya kiume) wanaanza peke yao, wanafuata alto, soprano, kisha besi. Unaharibika kwa mwendo. Mwalimu akiona nota nyeupe na ndefu huzivuta, pumzi zinakatika katikati ya neno, na kwaya inashuka ufunguo kabla besi hawajaingia. Karne ya 16 nota hizo zilikuwa mwendo wa kawaida tu. Hesabuni nusu nota kama pigo moja, takriban mapigo 60 kwa dakika, na waimbaji wa sauti moja wapokezane pumzi.

Uliozua mjadala ni “Ave verum corpus” wa William Byrd, wa mwaka 1605. Mwanzoni kabisa soprano wanatua kwenye *se* (so iliyopandishwa nusu), na mara hiyohiyo besi wanajibu kwa *s* (so ya kawaida). Mnakili wa solfa akidhani ni kosa huisahihisha, na ladha yote inapotea. Hata nakala ikiwa sahihi, sikio la besi huvutwa na soprano. Dawa ni besi kuimba kifungu hicho peke yao hadi kikae, kisha soprano tu waongezwe. Alto na tena waje mwisho.

Kuhusu nakala: CPDL, hazina ya nota za kwaya kwenye mtandao iliyoanzishwa 1998, ina nota za bure, lakini huwekwa na watu wengi na ubora wake haulingani. Linganisheni matoleo mawili. Alama ndogo ya kupandisha au kushusha iliyo *juu* ya nota imewekwa na mhariri, kwa kuwa waimbaji wa zamani walijiongezea wenyewe kwa kanuni. Hizo ndizo husahaulika nota zinapohamishiwa kwenye solfa.

Kilatini cha kanisani hakitusumbui sana: *cervus* huanza na ch ya chakula, *agnus* ina ny ya nyumba. Tabu yetu ni kuongeza irabu mwishoni, “cervusi”, na katika nota ndefu irabu hiyo inasikika hadi mlangoni.

Wengi wameomba “Miserere” ya Allegri, yaani Zaburi ya 51 kwa Kilatini. Kamati inashauri isubiri. Inahitaji makundi mawili, sauti tano na nne, na ile nota ya juu inayowavutia watu iliingia katika nakala za baadaye sana, si kazi ya Allegri mwenyewe. Kwaya yenye upungufu wa waimbaji itafaidika zaidi na Misa ya sauti tatu ya Byrd, iliyochapwa bila ukurasa wa jina wakati ibada ya Kikatoliki ilipopigwa marufuku Uingereza.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mapendekezo ya mwaka ujao yataje idadi ya sauti, nota ya juu na ya chini kabisa kwa kila sauti, toleo lililotumika, na mahali kwaya ilipokwama.

Mwenyekiti