Tusiilaumu LED kwa makosa ya draiva

Mhariri,

Mimi ni fundi wa umeme hapa Nairobi, kazi zangu nyingi zikiwa katika mitaa ya Umoja na Pipeline. Lalamiko ninalokutana nalo zaidi siku hizi ni la balbu ya LED ambayo boksi lake liliahidi saa 25,000, nayo ikazima kabla ya miezi michache kwisha. Mteja anapiga hesabu: saa tano kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 13. Anahitimisha kwamba LED ni ulaghai mtupu. Hasira yake naielewa, ila inamwangukia asiye na kosa: mwenye kosa mara nyingi ni draiva, sakiti ndogo inayoilisha LED umeme.

Diodi yenyewe, yaani LED iliyo ndani ya balbu, ni ngumu kufa. Haina waya wa kukatika kama balbu ya zamani, ambayo huangaza kwa kuuchoma waya wa tungsteni hadi uwake, huku zaidi ya asilimia 90 ya umeme ikipotea kama joto. LED ni kipande kidogo cha nusu-kipitishi chenye pande mbili zilizogusana: upande mmoja una elektroni za ziada, wa pili una mapengo yanayozingoja. Umeme ukipita kwa mwelekeo unaofaa, elektroni huvuka na kuangukia kwenye mapengo hayo, na nishati zinayoipoteza katika kuanguka hutoka ikiwa mwanga. Urefu wa anguko, ambao hutegemea kemikali zilizotengenezea kipande hicho, ndio unaoamua rangi. Anguko fupi hutoa nyekundu, aina aliyoionyesha Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric mwaka 1962. Buluu huhitaji anguko refu, na ilichukua takriban miaka 30 zaidi kabla ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, kuipata kwa nguvu ya kutosha wakitumia galiamu naitraidi. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Waliistahili, maana bila buluu hatungekuwa na nyeupe: balbu iliyo sebuleni kwako ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa fosfa ya manjano, kemikali inayogeuza sehemu ya buluu kuwa manjano, na jicho likipokea buluu na manjano pamoja huona nyeupe. Ng'oa kifuniko cha balbu iliyokufa utaviona vidoa hivyo vya manjano vimepangwa kwenye bamba.

Balaa liko nyuma ya bamba hilo. Chipu moja nyeupe, yaani kidoa kimoja kati ya hivyo, hutaka volti 3 hivi, na holda ina volti 240 zinazobadilisha mwelekeo mara kwa mara. Isitoshe, LED haijui kujizuia: volti zikizidi kidogo tu, mkondo unaopita huongezeka maradufu na zaidi. Kwa hiyo lazima pawe na sakiti ya kuutuliza mkondo, ambayo mafundi tunaiita draiva. Hapo ndipo mtengenezaji wa bei rahisi anapobania pesa. Anaondoa kinga ya kuzuia stima inaporudi kwa kishindo baada ya kupotea, jambo tunalolijua sana mjini humu. Anaweka kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuusawazisha) hafifu, na kapasita za aina hiyo hupoteza takriban nusu ya uhai wao kila joto linapoongezeka nyuzi 10. Kisha anapunguza idadi ya chipu na kuzilazimisha zilizobaki zifanye kazi ya zote, juu ya bamba jembamba la aluminiamu ambalo haliwezi kulitoa joto. Balbu kama hiyo ukiifungia ndani ya kioo kisichopitisha hewa, au kwenye chumba cha Pipeline ambako jua halifiki na taa huwaka tangu asubuhi, unaipika.

Kwa kuwa chipu zimeunganishwa kwa mfuatano, moja ikikatika zote huzima. Utaitambua kwa doa jeusi katikati ya manjano. Wapo wanaoiziba chipu hiyo kwa risasi ya kuchomelea na balbu ikawaka tena. Sishauri. Kilichosababisha chipu ya kwanza kuungua bado kipo, na chipu nyingine itafuata. Halafu kuna hatari kubwa zaidi: katika balbu nyingi za bei rahisi draiva haijatenganishwa na stima ya ukutani, hivyo kuligusa bamba hilo likiwa kwenye holda ni sawa na kuugusa waya wa laivu. Watoto wanaochezea balbu zilizopasuka kifuniko wanahitaji kukatazwa leo.

Unaponunua katika maduka ya Luthuli au Nyamakima, katikati ya Nairobi, mwombe muuzaji aiwashe, kisha ielekeze kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, draiva haiutulizi umeme vizuri na mwanga unapepesa mara 100 kwa sekunde, hata kama jicho lako halioni. Ishike mkononi pia. Kati ya mbili zenye wati sawa, ile nzito kwa kawaida ina aluminiamu zaidi.

Na tuache kuulizia wati peke yake. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya waya ya wati 60 hutoa lumeni 700 hivi, na LED nzuri hufikisha kiasi hicho kwa wati 8 au 9. Ikiwa boksi limeandikwa "sawa na wati 100" bila lumeni yoyote, mtengenezaji anakuficha kitu.

Ninachoiomba KEBS, shirika la viwango la Kenya, na wanaoagiza bidhaa hizi kutoka nje ni kimoja: boksi la balbu yoyote inayouzwa Kenya lionyeshe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, lumeni, joto la juu ambalo balbu inaweza kuhimili, na kama inafaa kufungiwa ndani ya kioo. Muda wa waranti uandikwe mahali pale pale palipoandikwa saa 25,000, ili mteja alinganishe ahadi na dhamana kabla ya kutoa pesa.

Fundi wa umeme,
Umoja, Nairobi